Mume Wangu, Hilux na Oili Namba 50

Kwenye kitchen party mashangazi wanakufunda mambo mengi. Namna ya kumpokea mgeni wa mume hata kama unga umebaki kiganja, namna ya kunyamaza, namna ya kutonyamaza. Hakuna hata mmoja atakayekuambia kwamba iko siku wewe na mwenzako mtanuniana siku tatu nzima, kila mtu na upande wake wa kitanda, kwa sababu ya oili ya gari. Sasa mimi nakuambia, mpenzi msomaji. Na kama wewe na mwenza wako mnamiliki gari kuukuu, kaa vizuri, maana hili linakuhusu.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Hilux dabo kebini, ile ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8, ekseli ngumu mbele na nyuma. Tulilinunua kwa pamoja. Nasema kwa pamoja nikiwa na maana yake: nusu yake mkopo wangu wa SACCOS, nusu yake mauzo ya mpunga. Sisi ni wafanyakazi wa Mpanda mjini, lakini majaruba yetu yako Mwamkulu, na ukifika Mwamkulu kipindi cha masika utaelewa kwa nini hatukununua Vitz. Udongo wa mbuga ukishalowa haujali umevaa nini wala una cheo gani. Tairi zinavaa tope kama viatu vya kuchuchumia, gari linakwenda pembeni kama kaa. Kwa hiyo Hilux ilikuwa inapeleka mbolea, inarudi na magunia kwenda mashineni, na Jumatatu inaoshwa, inatupeleka ofisini kama vile haijawahi kuona shamba.

Ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ile asubuhi unapowasha, pwaaa, uwanja mzima, majirani wanakohoa, kisha baada ya dakika moja mbili unaisha. Mume wangu akaogopa. Akasema injini inakufa, tuliuze mapema. Na mnunuzi alikuwepo tayari: mzee mmoja wa Mwamkulu ambaye shamba lake limepakana na letu, ana mavuno mazuri, alikuwa amelipigia jicho hilo gari tangu zamani.

Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipoingia na utaalamu wake. "Shemeji, hii mbona ndogo? Mwageni hiyo oili nyepesi, wekeni namba 50, muongezee chupa moja ya ile dawa nzito. Mwezi mzima hamuoni moshi. Mzee atawasha, atasikiliza, atahesabu hela."

Mume wangu alicheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alicheka tu. Na mimi nikanuna, maana kicheko cha mwanaume aliyekwisha kubali nakijua.

Mnaweza kusema mbona nakuza mambo, gari ni gari, mnunuzi afungue macho. Lakini yule mzee ndiye tunayepokezana naye maji mashambani. Siku tukiwa kazini ndiye anayewafukuza ng'ombe kwenye mpunga wetu. Na kuna jambo jingine ambalo sikulisema siku ile, nalisema hapa: mume anayeweza kumfunga jirani yake kitambaa cha macho kwa galoni la oili, mimi mkewe nitajuaje kama sijafungwa changu?

Sasa, kabla hatujaenda mbali, tuelewane kuhusu hiyo namba 50, kwa sababu nilipoanza kuuliza niligundua kwamba watu wengi wanaolumbana kuhusu oili vijiweni hawajui zile namba zinasema nini.

NAMBA INASEMA NINI?

Namba ya oili si ubora. Ni mnato, yaani uzito wa kutiririka kwake, kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Oili ya namba 30, 40 au 50 inapimwa ikiwa ya moto, nyuzi 100 za Selsiasi, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo oili inavyobaki nzito katika joto hilo. Ukiona namba mbili, mathalani 15W-40 au 20W-50, ile ya kwanza yenye W inahusu baridi. W ni majira ya baridi ya wenzetu. Oili ya 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Mpanda hatuna habari hiyo. Hata ile baridi ya Juni na Julai inayotufanya tuvae masweta ofisini, kwa oili bado ni joto.

Basi mtu anasema, kama hatuna baridi, kwa nini nisiweke nzito tu, si ndiyo inalinda zaidi? Hapa ndipo penye kosa la vijiweni. Injini ikilala usiku, oili yote inashuka chini kwenye karta. Asubuhi ukiwasha, pampu inabidi iivute na kuipandisha hadi juu kabisa kwenye vali, na zile sekunde za mwanzo vyuma vinategemea utando uliobaki wa jana. Sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea hapo, kwenye kuwasha, siyo barabarani. Oili ya namba 50 tupu, isiyo na W, kwenye asubuhi ya Julai inakuwa kama asali ya mapipani. Inafika, ndiyo, lakini inafika imechelewa. Wakati 15W-40 inatiririka vizuri asubuhi, na ikishapata moto inabaki kwenye uzito wa 40. Ndiyo maana ya namba mbili.

Wazee wetu waliotumia oili namba 40 tupu kwenye Land Rover 109 na Bedford hawakuwa wajinga. Ndiyo iliyokuwepo na ndiyo iliyoandikwa kwenye vitabu vya magari yao. Tatizo ni kurithi namba bila kurithi gari.

Na 20W-50 je? Kwa injini nyingi za zamani za petroli, zile za Corolla na Carina za miaka ya 1990 zilizotembea sana, haina ubaya kwa joto letu, na vitabu vingi vya magari ya enzi hizo vina chati inayoiruhusu. Lakini usimpe mwenye IST au Premio ya VVT-i bila kusoma kitabu. Zile injini zina vitundu vidogo vya oili vinavyoendesha mtambo wa kubadilisha majira ya vali, na zilitengenezwa zikitegemea oili nyepesi, 5W-30 au 10W-30. Ukimnywesha uji mzito mtu aliyezoea chai, usishangae akichelewa kuitika.

Herufi nazo. Kwenye galoni tafuta API. Herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi. SJ ilikuja 1996, SL 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Kwa dizeli CF-4 ni ya 1990, CI-4 ya 2002, CK-4 ya 2016. Kwa kawaida kizazi kipya kinafaa kwa gari la kizazi cha zamani, lakini siyo kinyume chake. Kwa dizeli kuukuu kama yetu, 15W-40 yenye CI-4 inatosha kabisa na inapatikana hata Mpanda. Huna haja ya oili ya bei ya harusi.

(Kwa wenye bodaboda, na najua wengi wenu mna moja mmemkabidhi kijana: pikipiki hizo klachi yake inaogelea humo humo kwenye oili ya injini. Oili ya gari dogo iliyowekewa vilainishi vya kubana mafuta inaweza kuifanya klachi iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA. Haya, turudi kwenye Hilux.)

TUKAENDA GEREJI WOTE WAWILI

Siku ya nne ya kununiana nilimwambia mume wangu: kabla ya namba 50, twende kwa fundi tujue moshi unatoka wapi. Kama injini imekufa, tutamwambia mzee imekufa, atanunua bodi na ekseli. Akakubali, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kula wali wa kimya kimya.

Dada zangu mnaokwenda gereji mnajua kinachotokea. Mimi nauliza, fundi anamjibu mume wangu. "Kaka, hii injini..." Mimi nauliza tena, "Boss, unaona hapa..." Mwishowe mume wangu mwenyewe akamwambia, "Fundi, mwenye gari ni huyu, mimi nimesindikiza." Jamani, siku tatu za kununa ziliyeyuka palepale. Maua ya Valentine hayajawahi kunifanya hivyo.

Fundi akiisha kunikubali aligeuka kuwa mwalimu mzuri. Moshi mweusi, alisema, ni mafuta yasiyoungua: nozeli, filta ya hewa, pampu. Moshi mweupe usioisha na wenye mvuke angalia maji ya rejeta, huenda gasketi imepasuka. Bluu ni oili inaungua. Lakini bluu nayo ina majira yake. Ikitoka unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo, na tena inaendelea, shuku ringi za pistoni. Ikitoka asubuhi tu unapowasha kisha ikaisha, shuku zaidi sili za vali: usiku oili inadondoka tone kwa tone kupita kwenye mpira uliokakamaa, inaingia ndani ya silinda, na asubuhi inaungua yote kwa mpigo.

Yetu ilikuwa ya asubuhi. Akapima kompresheni silinda zote nne, zikawa karibu sawasawa, hakuna iliyolala. Injini haikuwa inakufa. Ilikuwa na vipande vidogo vya mpira vilivyozeeka.

Nikamuuliza, na namba 50 je? Akacheka. Akasema oili nzito inapita kwa shida kwenye upenyo uliolika, kwa hiyo kweli moshi unapungua. Ile dawa ya chupa nayo kazi yake kubwa ni hiyo hiyo, kuifanya oili iwe nzito zaidi. Kwa mwezi mmoja unaonekana umepona. Lakini sili ni ile ile, na kila asubuhi unaichelewesha oili kufika juu, mahali penyewe panapoumwa. Yaani unamfunika mgonjwa shuka zuri.

Mume wangu hakusema kitu. Alikuwa anaangalia chini, anakwaruza tope kwenye bampa.

Sili zilikuja kwa basi, zikafungwa, oili ikabadilishwa na filta yake. Karibu lita 6 zinaingia kwenye injini hiyo, kwa hiyo galoni la lita 5 halitoshi, na wengi hupunja hapo. Siku mbili baadaye oili ilikuwa nyeusi tii na mume wangu akapata presha tena. Fundi akamtuliza: dizeli ni ya masizi, na oili nzuri ya dizeli kazi yake mojawapo ni kuyabeba hayo masizi ili yasigande kwenye vyuma. Kwenye dizeli rangi nyeusi si dalili ya oili kufa. Cha kuogopa ni ukiichomoa stiki ukakuta rangi ya kahawa ya maziwa, au harufu kali ya mafuta, au chembe zinazong'aa.

CHINI YA GARI NDIKO KWENYE SIRI

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayelizungumza vijiweni, na ambalo kwa watu wa mashamba kama sisi lina uzito kuliko hata injini. Wapenzi wa magari kuukuu wanabadilisha oili ya injini kila kilomita 5,000 kwa uaminifu wa mtu anayekwenda ibada, lakini waulize lini walifungua difu. Utawasikia, "Difu? Difu huwa inabadilishwa?"

Inabadilishwa, tena kwa Mwamkulu inabadilishwa mapema. Elewa mambo yalivyo. Difu ina kibomba kidogo cha kupumulia juu yake. Ukitembea, oili ndani inapata moto, hewa inatanuka, inatoka kwenye hicho kibomba. Halafu unaingia kwenye maji, korongo limejaa, ekseli inazama. Difu inapoa ghafla, hewa inajikunja, na difu inavuta pumzi. Kama kibomba ni kizima na kiko juu, inavuta hewa. Kama kimeziba tope, inavuta maji kupitia kwenye sili za ekseli. Hausikii chochote. Unaendelea na safari, unaimba na redio. Miezi sita baadaye beringi zinaanza kuvuma kama nyuki na unaambiwa difu nzima.

Fundi alipofungua nati ya difu ya nyuma oili ilitoka kijivu, kama maji ya mchele. Ya mbele ilikuwa afadhali kidogo. Mume wangu, aliyekuwa amesimama pembeni na simu, akaiweka mfukoni.

Oili ya difu haifanani na ya injini. Meno ya difu za namna hiyo hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya jingine kwa kukandamizana, na yanahitaji oili yenye dawa za kuhimili mgandamizo mkali. Hiyo ndiyo GL-5, namba 90 au 80W-90. Usidanganyike na ukubwa wa namba 90 ukadhani ni nzito maradufu ya 50. Oili za gia zina mizani yake, na 90 ya gia kwa kutiririka iko jirani na 40 au 50 ya injini.

Gia boksi ya klachi nayo ina hadithi yake. Ndani yake kuna vipete vya shaba vinavyosaidia gia ziingie bila kukwaruza, na baadhi ya dawa za GL-5 zimekuwa zikishutumiwa kwa miaka mingi kwamba zinaila shaba. Kwa hiyo magari mengi yameandikiwa GL-4 kwenye gia boksi na GL-5 kwenye difu. Mengine yanaruhusu zote mbili. Soma kitabu cha gari lako, au muulize fundi anayesoma kitabu, maana wapo wanaoweka kilichopo kwenye kopo. Transfa ya foo-wili nayo ina nati yake ya kumwagia na ya kujazia, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Kanuni moja ya gereji nimeipenda, inafaa hata nje ya gereji: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma kufunguka kwa kutu, umebaki na gari lisilo na oili na fundi anayejikuna kichwa.

Kwenye Hilux za ekseli ngumu kuna na yale mabonge mawili ya mbele nyuma ya tairi, ambamo viungo vya ekseli vinageuka. Humo mnakaa grisi, siyo oili. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu inahamia humo, grisi inakuwa uji, na unaona supu nyeusi inatiririka kwenye tairi. Watu wanafuta kwa tambara na kuendelea. Ile ni barua, isomeni.

NA WENYE OTOMATIKI?

Najua wengi wenu hamna Hilux. Mna IST, Raum, Spacio, RAV4 ya zamani, Noah, na gia zenu zinajibadilisha zenyewe. Nyie kazi yenu kubwa ni haidroliki ya gia boksi, ile nyekundu. Hapo utani uishe. Toyota za zamani nyingi zilitumia aina ya Dexron II au III, zikaja za T-IV, kisha WS. Nissan wana za kwao, na gia boksi za CVT zina kimiminika chake kabisa ambacho ukikikosea hupati nafasi ya kuomba radhi. Rangi zinafanana, kazi hazifanani. Mara nyingi stiki yenyewe ya gia boksi imechongwa jina la haidroliki inayotakiwa. Ifute, isome.

Kuipima si kama kupima oili ya injini. Kwa Toyota nyingi zenye stiki, gari liwe limepata moto, limesimama pasawa, injini inaunguruma, umepitisha gia zote ukarudi P, ndipo uchomoe. Ikiwa nyekundu au hudhurungi safi, vizuri. Ikiwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungua, mambo yameanza. Na ukibadilisha kwa kumwaga kwa nati, jua kwamba inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye ule mpira wa kugeuzia nguvu. Ndiyo maana mafundi waangalifu humwaga na kujaza mara mbili tatu kwa vipindi, hasa gari likiwa limekaa miaka bila kuguswa.

Breki ni kifungu kifupi: DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, na kwa kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa sababu maji hayo yanafyonza unyevu wa hewa na kiwango chake cha kuchemka kinashuka. Unaposhuka na mzigo kutoka uwanda wa Ufipa ndipo utakapokumbuka.

Kuhusu wapi pa kununua, mimi nina msimamo mkali kidogo. Oili ya kupima, ile ya pipa na jagi, siinunui. Labda ni nzuri, labda imechanganywa, hakuna wa kujua, haina lebo wala wa kumwajibisha. Galoni lenye sili nzima, duka ambalo litakuwepo mwezi ujao, risiti. Na galoni tupu usimwachie mtu likiwa zima. Litoboe kwa bisibisi, maana galoni zima la kampuni yenye jina linaweza kujazwa oili chafu iliyochujwa na kurudi sokoni likiwa linameremeta. Ile oili chafu yenyewe ichukue ukapake nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa kama wafanyavyo wengi, lakini siyo karibu na kisima wala mfereji wa mpunga.

Bei? Kwa hesabu zetu za nyumbani, oili ya injini na filta tunaiweka fungu moja na ada ya shule, siyo fungu moja na nyama choma. Tuna daftari la kurasa 48 linalokaa kwenye gari: tarehe, kilomita, nini kimewekwa, namba gani, nani amelipa. Hili la mwisho ni muhimu kwa wanandoa, aminini.

MZEE AKAJA

Alikuja Jumapili baada ya ibada, na mwanae mmoja. Moshi ulikuwa umekwisha, gari linawaka kama jipya. Shemeji alikuwepo, akanikonyeza, kama kusema si unaona, limekubali, sasa kaa kimya. Mume wangu akamkaribisha mzee kiti, akaniomba nilete daftari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba.

Akamsomea. Sili za vali zimebadilishwa. Difu ya nyuma ilikutwa na maji, imesafishwa, ikawekwa oili mpya, kibomba kimewekwa mpira mrefu hadi juu, lakini haijulikani beringi zilikaa na maji muda gani, zinaweza kulia mwakani. Grisi ya mbele imewekwa upya upande wa kulia, wa kushoto bado.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya polepole kwamba kwa hiyo difu hawezi kutoa bei tuliyotaja, na akataja ya kwake. Iliuma. Ilikuwa chini kwa kiasi ambacho mume wangu alikibeba usoni wiki nzima, na mara mbili aliniambia, bila ugomvi lakini bila kucheka, kwamba ukweli wangu una gharama kubwa. Sikumbishia. Ulikuwa na gharama. Tulikopa tena SACCOS ili kupata gari la sasa, RAV4 ya zamani ambayo kwenye tope la Mwamkulu inasaidiwa kusukumwa zaidi ya ninavyopenda kukiri mbele ya watu.

Beringi za difu zililia kweli mwaka uliofuata. Mzee alizibadilisha, na hakuja kugomba, kwa sababu zilikuwa kwenye daftari.

Hupiga simu. Wiki iliyopita alinikuta kazini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Niko dukani hapa mjini. Kijana ananiambia kwa gari la umri huu wazee wote wanachukua namba 50. Nimwambieje?"

Nikamwambia amwombe 15W-40, dizeli, CI-4, la lita 5 na la lita 1, aangalie sili. Nikamsikia akirudia taratibu, namba moja moja, halafu sauti ya kijana akipanda ngazi kulichukua kwenye shelfu la juu.